Mzee wa gia aliyechekwa na wababe wa Tour de France

KAMANGA, MWANZA. Kivuko kinapofunga gati upande wa Sengerema, watu wa baiskeli hawana subira. Wanashuka kabla hata magari hayajawashwa. Mmoja ana kreti tupu za samaki, mwingine ana magodoro mawili, mwingine amempakia mama mwenye mtoto mgongoni. Wanapanda, wanakanyaga, wanapotea.

Dakika chache baadaye unawakuta tena mbele. Wamefika kwenye kilima cha kwanza na wote wako chini, wanasukuma.

Baiskeli zenyewe unazijua. Fremu nzito ya Phoenix au ndugu zake, keria iliyochomelewa nondo, spoki nene, gia moja. Kwenye tambarare inateleza safi kabisa. Mlima ukianza, mwenye baiskeli anageuka kuwa punda wa baiskeli yake mwenyewe.

Siku moja nikisubiri kivuko nilimkuta fundi chini ya mti akifanya kazi ambayo si ya kawaida hapa. Alikuwa anachukua gia za baiskeli ya mtumba na kuzifunga kwenye fremu ya zamani, kwa ajili ya kijana anayepeleka dagaa vijijini. Waliokaa kwenye benchi walikuwa wanamcheka. Kwao, baiskeli ya gia ni ya watoto wa shule na ya watalii. Mwanaume anakanyaga gia moja, basi.

Wengine pale kwenye benchi walikuwa na hoja ya maana zaidi. Vumbi linakula gia, vipuri ni shida, na baiskeli nyingi za mtumba zinaletwa na gia zake saba, baada ya mwaka zimeng'olewa, cheni imefupishwa, imebaki gia moja kama nyingine.

Ubishi ule niliujua. Ulipigwa Ufaransa zaidi ya miaka 100 iliyopita, ukaingia mpaka kwenye Tour de France, na katikati yake alikuwepo bwana mmoja mwenye masharubu aliyeitwa Paul de Vivie. Wasomaji wake walimfahamu kwa jina la kalamu, Vélocio. Alichekwa karibu nusu ya maisha yake, akafa kabla mashindano makubwa hayajakubali kwamba alikuwa sahihi.

MJI WA SALIF KEITA

Kwa shabiki wa soka, njia rahisi ya kumfikia Vélocio ni kupitia mji wake, Saint-Étienne.

Huu ndio mji aliokwenda Salif Keita wa Mali mwaka 1967. Alitua Paris, hakukuta mtu wa kumpokea, akapanda teksi kwa karibu kilomita 500 mpaka klabuni, na klabu ikalipa. Mwaka 1970 akawa Mwanasoka Bora wa Afrika, wa kwanza kabisa kupewa tuzo hiyo na jarida la France Football. Michel Platini alipita hapo, Pierre-Emerick Aubameyang naye akapita hapo.

Saint-Étienne ulikuwa mji wa makaa ya mawe, bunduki, riboni za hariri na baiskeli. Wakongwe waliotazama picha za kikosi cha kijani cha miaka ya 1970 watakumbuka neno Manufrance kifuani. Hiyo ilikuwa kampuni kubwa ya mji huo iliyotengeneza bunduki, na pia baiskeli zilizoitwa Hirondelle, yaani mbayuwayu.

Mji wenyewe uko kwenye urefu wa kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kusini yake barabara inapanda msituni mpaka kwenye kipito kinachoitwa Col de la République, mita 1,161. Ukitaka kutoka Saint-Étienne kwenda kusini kwa baiskeli, huo mlima unakusubiri. Habari yote ya Vélocio imejengwa juu ya mlima huo, kama ambavyo habari ya watu wa Kamanga inaanzia kwenye kile kilima cha kwanza.

ALIACHA HARIRI, AKASHIKA PEDELI

Paul de Vivie alizaliwa Aprili 29, 1853 huko Pernes, kusini mwa Ufaransa. Alisoma vizuri, lugha za kale za Kigiriki na Kilatini zikiwemo, na alizipenda hadi uzee wake. Kisha akaingia kwenye biashara ya hariri Saint-Étienne, na ilimwendea vizuri.

Mwaka 1881, akiwa na miaka 28, alinunua baiskeli yake ya kwanza. Siku hizo baiskeli ilikuwa ile yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, hakuna cheni. Ukizungusha mguu mara moja, gurudumu linazunguka mara moja. Ukitaka mwendo, nunua gurudumu kubwa zaidi, mradi miguu yako ifike.

Mwaka 1885, mjini Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli iliyoitwa Rover. Magurudumu mawili yaliyokaribiana kwa ukubwa, na cheni inayokwenda nyuma. Cheni ilibadilisha kila kitu, kwa sababu sasa mwendo haukutegemea tena ukubwa wa gurudumu. Ulitegemea meno ya mbele na meno ya nyuma.

De Vivie alinaswa. Mwaka 1887 alianzisha jarida lake, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Le Cycliste. Akaiacha biashara ya hariri, akafungua duka la baiskeli, akawa anaagiza mashine kutoka Coventry. Hebu fikiria mtu wa leo mwenye duka zuri la vitenge pale Makoroboi anaamka asubuhi, anauza kila kitu ili aandike habari za baiskeli na kuzifunga spoki. Ndugu wangeitisha kikao.

Mwaka 1889 alitoa baiskeli yake mwenyewe, akaiita La Gauloise. Ilikuwa na cheni, fremu nzuri, na gia moja. Aliamini ni mashine kamili.

MVUTA KIKO AMPITA MLIMANI

Inasimuliwa kwamba siku moja Vélocio alikuwa anapanda Col de la République na Gauloise yake, anahema, jasho linamtoka. Nyuma akaja msomaji mmoja wa jarida lake. Yule bwana alikuwa anakanyaga taratibu na kuvuta kiko. Akampita.

Aliyempita hakuwa bingwa wala kijana mwenye mapafu ya farasi. Alikuwa mtu wa kawaida ambaye baiskeli yake ilikuwa na gia nyepesi zaidi.

Mtu mwingine angekasirika, au angesema jamaa kabebwa. Vélocio alikwenda nyumbani kufikiri. Angeweza kuweka gia nyepesi kama ya mvuta kiko, lakini hapo angepata tatizo jingine: kwenye tambarare miguu ingezunguka kama ya kuku anayekimbia, na baiskeli isingeenda popote. Gia nzito inakufaa chini, gia nyepesi inakufaa juu, na barabara ni moja.

Hapa tusimame kidogo tufanye hesabu, maana ndiyo moyo wa mambo.

Chukua baiskeli ya kawaida ya kwetu yenye gurudumu la inchi 28. Gurudumu hilo likizunguka mara moja, linakwenda kama mita 2.2. Ikiwa mbele kuna meno 48 na nyuma kuna meno 20, basi pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 2.4. Zidisha: unasogea mita 5 na kidogo kwa kila mzunguko wa mguu. Kwenye lami tambarare, raha tupu.

Sasa weka meno 24 mbele na meno 24 nyuma. Pedeli mara moja, gurudumu mara moja, mita 2.2. Weka nyuma meno 32, unapata mita 1.6 hivi. Unasogea kidogo, lakini kila msukumo unahitaji nguvu chini ya theluthi moja ya ile ya kwanza.

Kazi ya kupanda mlima haijapungua. Mlima ni ule ule na mzigo ni ule ule. Umeigawa tu vipande vidogo. Ni kama kuhamisha gunia la mahindi: unaweza kulibeba lote kwa mkupuo ukavunjika kiuno, au ukalihamisha debe kwa debe. Mwisho wa siku gunia limehama, na wewe bado unatembea wima.

Vélocio alielewa kwamba tatizo halikuwa kuchagua gia moja nzuri. Tatizo lilikuwa kuwa na gia moja.

CHENI KWA VIDOLE

Dawa yake ya kwanza ilikuwa ya kifundi cha chini ya mti. Aliweka duara mbili za meno pale mbele, kubwa na ndogo. Ukifika mlimani unashuka, unainua cheni kwa vidole, unaihamishia kwenye duara ndogo, unapanda tena. Mikono inachafuka grisi, lakini unafika juu umekaa kwenye tandiko.

Halafu akaja na wenzake kwenye mtindo wa cheni mbili, moja kulia na nyingine kushoto, ili kupata machaguo zaidi. Alijaribu vitu vingi vya watu wengine pia. Mafundi walimletea vifaa vyao, naye alivifunga, akavipeleka mlimani, kisha akaandika kwenye jarida lake kipi kimekubali na kipi kimevunjika.

Mji mzima ulikuwa unahangaika na swali hilo. Hirondelle za Manufrance zilitoka na aina ya ajabu: ukikanyaga kwenda mbele unapata gia nzito, ukikanyaga kinyumenyume unapata gia nyepesi, na baiskeli inaendelea kwenda mbele vilevile. Ukimwona mtu anapanda mlima huku anakanyaga nyumanyuma unaweza kudhani amelewa, lakini mashine ilifanya kazi.

Jibu lililoshinda mwishoni lilikuwa kifaa kinachoisukuma cheni kutoka duara moja la meno kwenda jingine huku unaendelea kukanyaga. Joanny Panel, mtu wa Saint-Étienne huyohuyo na wa karibu na Vélocio, alitengeneza cha kwake akakiita Le Chemineau. Baba wa gia tunazoziona leo kwenye baiskeli za mtumba pale sokoni ni vifaa vya aina hiyo.

Vélocio hakuchukua hati miliki ya gia zake. Alichokijua alikiandika kwenye jarida, mwenye kutaka achukue.

DESGRANGE AKAZA

Sasa ingia Henri Desgrange. Huyu alikuwa mwendesha baiskeli wa zamani na mhariri wa gazeti la michezo la L'Auto. Mwaka 1903, ili kuuza gazeti lake, alianzisha Tour de France.

Tour ile ya kwanza ilipita Saint-Étienne na kupanda Col de la République, mlima wa Vélocio. Mwaka uliofuata mashabiki wa mkimbiaji wa nyumbani, Faure, walijificha mlimani usiku wakawavamia wapinzani wake kwa vipigo, mpaka bastola zikapigwa hewani kuwatawanya. Kwa hiyo wanaosema fujo za mashabiki zilianza juzi na soka, wamechelewa.

Mwaka 1902, kabla ya Tour kuanza, yalifanyika majaribio ya baiskeli za utalii kwenye mlima wa Tourmalet, moja ya milima migumu ya Pirenei. Mwanamke mmoja, Marthe Hesse, alipanda na Gauloise ya Vélocio yenye gia. Hakuweka mguu chini.

Ungetegemea habari ile imalize ubishi. Desgrange aliichukulia kinyume kabisa. Aliandika kwamba gia za kubadilisha zinawafaa watu waliovuka miaka 45, na kwamba heshima ya mbio ni kushinda kwa misuli, siyo kwa ujanja wa chuma. Kwake, kama mwanamke ameweza kupanda Tourmalet na kifaa hicho, basi kifaa ni cha kudekeza. Hakutaka kuona kwamba mashine ndiyo iliyokuwa inapimwa, na imefaulu.

Vélocio wakati huo alikuwa na miaka 49. Kwa hesabu ya Desgrange alikuwa mzee aliyeruhusiwa kutumia gia zake, akae pembeni aache wanaume wafanye kazi.

Tour ikaendelea hivyo kwa miaka mingi. Wakimbiaji walikuwa na meno ya ukubwa tofauti kila upande wa gurudumu la nyuma. Wakifika chini ya mlima wanasimama, wanafungua gurudumu, wanaligeuza, wanafunga, wanaendelea. Wakifika juu, hivyohivyo. Mabingwa wa dunia wamesimama pembeni ya barabara, mvua inanyesha, vidole vimekufa ganzi, wanahangaika na nati. Na teknolojia ya kumaliza shida hiyo ilikuwepo, inauzwa, mapadri na walimu wa shule wanaitumia wakienda matembezini Jumapili.

HATA SISI WA SOKA

Tusiwacheke sana watu wa baiskeli. Soka nalo lina Desgrange wake.

Kombe la Dunia la 1966 lilichezwa bila kubadilisha mchezaji. Pele alipigwa viatu na Wareno mpaka akawa anachechemea, na bado alibaki uwanjani kwa sababu hakukuwa na sheria ya kumtoa na kuingiza mwingine. Dunia nzima iliona mchezaji bora kuliko wote anatembea kwa mguu mmoja. Kubadilisha wachezaji kwenye Kombe la Dunia kulikubaliwa 1970.

Waliopinga walikuwa na lugha ileile ya Desgrange: mchezo ni wa wanaume 11, atakayevunjika avumilie. Leo kocha asipofanya sub mpaka dakika ya 70, jukwaa lote la CCM Kirumba linamzomea.

Siyo kwamba kila kitu kipya ni kizuri. Mashabiki wanabishana kuhusu VAR hadi leo na wana haki yao. Lakini kuna tofauti kati ya kupinga kitu kwa sababu kinaharibu mchezo na kukipinga kwa sababu wewe uliteseka bila hicho kitu. Desgrange alikuwa bingwa enzi za gia moja. Ni vigumu mtu kukubali kwamba mateso yaliyompa jina hayakuwa ya lazima.

MAISHA YA BARABARANI

Vélocio hakukaa dukani kusubiri kukubaliwa. Alipanda baiskeli. Aliondoka jioni, akakesha barabarani, asubuhi yuko Provence nyumbani kwao. Kila Pasaka waendesha baiskeli walikusanyika kusini kumfuata, na desturi hiyo iliendelea baada yake.

Safari ndizo zilizomfundisha namna ya kuunda baiskeli. Barabara za wakati huo nyingi hazikuwa na lami. Zilikuwa za kokoto, vumbi na mashimo, kama zetu za kutoka Kamanga kwenda vijijini. Alipigia debe tairi pana, akipinga imani kwamba tairi nyembamba ndiyo yenye mwendo. Kwenye kokoto tairi nyembamba iliyojazwa upepo sana inaruka-ruka, na kila mruko ni nguvu ya miguu yako inayopotea. Tairi pana inameza kokoto na kusonga.

Hakula nyama. Alishauri watu wapumzike kidogo kidogo bila kukaa sana, wale na kunywa mapema kabla mwili haujaanza kudai, na wasikanyage kwa ajili ya kujionyesha. Hilo la mwisho nadhani aliliandika akiwa na watu fulani kichwani.

Kuanzia 1922 marafiki zake walianzisha siku ya kumuenzi. Watu walikuja Saint-Étienne kupanda Col de la République, wazee, vijana, wanawake, familia, kila mmoja na baiskeli yake na gia zake. Mzee mwenyewe alikuwepo. Mlima uliomdhalilisha mbele ya mvuta kiko sasa ulikuwa unapandwa na umati kwa heshima yake.

ANGEJENGAJE BAISKELI YA KAMANGA?

Nilirudi kwa fundi wa chini ya mti nikiwa na swali hilo. Kwa yale aliyoyapigania Vélocio, baiskeli ya safari ndefu kwenye njia mbovu inajengwa kuanzia chini kwenda juu.

Unaanza na mlima, siyo na mwendo. Jiulize kilima kigumu kuliko vyote njiani kwako ni kipi, na siku hiyo umebeba nini. Chagua gia itakayokupandisha hapo ukiwa umekaa. Hiyo ndiyo gia ya kwanza. Zile nzito za tambarare zinakuja baadaye, na hazihitaji kuwa nyingi.

Pili, tairi pana, na fremu yenye nafasi ya kuipitisha hata ikiwa na matope.

Tatu, mzigo ukae chini na karibu na gurudumu. Gunia lililosimama juu ya keria linaivuta baiskeli kama mlevi, hasa unapokwenda polepole na gia nyepesi.

Nne, breki. Baiskeli iliyopandisha kilo 80 za dagaa itateremka nazo upande wa pili. Fundi alinionyesha kwamba hapo ndipo vijana wengi wanakosea: wanatafuta gia, wanasahau kwamba kila mpando una mteremko wake.

Tano, na hii ndiyo inayowajibu wale wa benchi, gia ziwe chache na za kufungika njiani kwa spana moja. Vélocio alianza na mbili tu, tena za kuhamisha kwa vidole. Fundi wetu naye hakufunga zote saba. Alikuwa anafunga duara mbili za mbele, kubwa na ndogo, na friwili ya meno machache nyuma. Kama kifaa cha kuhamisha kikifa kwa vumbi, kijana atashuka, atainua cheni kwa mkono, atapanda tena. Mikono itachafuka, ila mlima hatausukumia.

TRAMU, KISHA 1937

Februari 27, 1930, mjini Saint-Étienne, mzee de Vivie alikuwa anavuka barabara kwa miguu huku anaikokota baiskeli yake. Alirudi nyuma kulikwepa gari, tramu ikamgonga. Alikuwa na miaka 76.

Mwaka mmoja baadaye, 1931, mji wake ulifungua uwanja wa Geoffroy-Guichard, ule ambao Keita angekuja kuutikisa. Vélocio hakuuona. Hakuuona pia ushindi wake.

Mwaka 1936 Desgrange aliugua, akakabidhi usukani wa Tour kwa kijana wake wa kazi, Jacques Goddet. Mwaka uliofuata, 1937, vifaa vya kuhamisha cheni vikaruhusiwa. Roger Lapébie akashinda Tour ya mwaka huo akiwa na gia za kubadilisha. Vélocio alikuwa kaburini kwa miaka saba.

Goddet huyohuyo ndiye aliyeanzisha gazeti la L'Équipe mwaka 1946 baada ya L'Auto kufungwa. Na ofisi ya L'Équipe ndiyo iliyobuni Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, likaanza 1955. Mwaka 1976 Saint-Étienne walifika fainali ya kombe hilo Glasgow, wakafungwa na Bayern Munich 1-0, mashuti yao mawili yakigonga mwamba. Milingoti ya Hampden Park ilikuwa ya pembe nne, siyo ya duara, na mpaka leo watu wa Saint-Étienne wanaamini ingekuwa ya duara mpira ungeingia. Klabu iliinunua ile milingoti, iko kwenye makumbusho yao.

Ukiwa mtu wa Saint-Étienne, ni rahisi kuamini kwamba umbo la kipande cha mti au idadi ya meno kwenye chuma inaweza kuamua nani anafika na nani anabaki.

Nilipovuka tena wiki mbili baadaye, fundi alikuwa palepale na benchi lilikuwa palepale. Yule kijana wa dagaa nilimwona kwa mbali kwenye kilima cha kwanza, gunia nyuma, anakanyaga haraka haraka kwa miguu midogo midogo kama mtoto anayejifunza. Alikuwa anakwenda polepole sana, kiasi kwamba mwenzake aliyekuwa anasukuma alimsogelea wakawa wanaongea.

Halafu mwenzake akabaki nyuma. Yule kijana hakuwa ameshuka.